Nani Ashike, Nani Aachie: Alaimenti ya Gari Dogo la Spoti kwa Ajili ya Drifti

Maneno ya mhadhara uliotolewa mbele ya walimu, mafundi na wanafunzi wa ufundi wa magari

Namshukuru aliyekubali gari zima liingizwe hapa uani, maana mengi nitakayoyasema huonekana kwa macho kabla hayajaeleweka kwa masikio.

Nia yangu jioni hii ni moja. Nataka kuonyesha kwamba kupanga magurudumu ya gari la drifti ni elimu inayofundishika, tena inayopimika kwa zana alizonazo fundi mwashi mfukoni mwake. Anayenakili namba za gari la mwenzake bila kujua kila namba inafanya kazi gani atapoteza matairi, na pengine atapoteza zaidi ya matairi.

Mfano wangu ni Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, ile iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Chicago mwezi wa Februari 1989, na ambayo Wajapani waliiuza nyumbani kwao kwa jina la Eunos Roadster. Nimelichagua kwa sababu tatu. Ni jepesi: lenye injini ya lita 1.6 halifikii tani moja. Ekseli zake ziko karibu mno, milimita 2265 tu, kwa hiyo kila kosa la alaimenti hujitokeza upesi. Tena waliolibuni walimwachia fundi nafasi kubwa ya kurekebisha: magurudumu yote manne yamebebwa na mikono miwili, wa juu na wa chini, na kila mkono wa chini umefungwa kwenye fremu kwa boliti mbili ambazo kitovu chake hakiko katikati. Ukiigeuza boliti, mkono unasogea nje au ndani. Boliti nane kwa gari zima. Ni magari machache ya bei ya kawaida yaliyotoka kiwandani na uhuru wa namna hiyo.

Niseme pia mchezo huu wa drifti, yaani kulipitisha gari konani likiserereka ubavu kwa makusudi, umetoka wapi, kwa ufupi. Katika miaka ya 1970 dereva wa Japani aitwaye Kunimitsu Takahashi, ambaye mwaka 1961 alikuwa Mjapani wa kwanza kushinda mbio za pikipiki za ubingwa wa dunia, alijulikana kwa kuingia kona gari likiwa limeshalala ubavu na kutoka kwa kasi. Kijana mmoja, Keiichi Tsuchiya, akaichukua mbinu hiyo kwenye barabara za milimani akiwa na Toyota AE86, gari dogo la injini ya lita 1.6, na video yake ya mwaka 1987 ikawasha moto kote nchini humo. Mashindano ya D1 Grand Prix yakafuata, na mwaka 2017 shirikisho la kimataifa la mbio za magari likaandaa kombe lake la drifti mjini Tokyo. Tazameni mzizi wake: gari dogo, nguvu kidogo. Wanafunzi wangu wengi wanaamini drifti ni nguvu za farasi. Tsuchiya alijifunza pasipo hizo nguvu, ndiyo maana alilazimika kujua magurudumu yake yanafanya nini.

Sasa niingie kwenye hoja.

Hoja ya kwanza: alaimenti ya drifti ni mgawanyo wa kazi.

Gari la kawaida linataka magurudumu yote manne yashike lami kwa kukubaliana. Katika drifti magurudumu ya nyuma yanaserereka huku yakisukuma, na ya mbele yanashika huku yakielekezwa kinyume na kona. Hizi ni kazi mbili tofauti, na kila pembe tunayoipanga inatumikia mojawapo. Kosa la kwanza ninalokutana nalo gerejini ni mtu kusema, "Fundi, niharibie nyuma ili iteleze." Hapana. Nyuma ikikosa mshiko kabisa, gari linakwenda upande tu kama mtumbwi uliokatika nanga, dereva anakanyaga mafuta na hakuna kinachobadilika. Tunachotaka nyuma ni mshiko unaoachia polepole na kurudi polepole, ambao mguu wa kulia unaweza kuuongeza na kuupunguza. Mshiko wa mbele nao tunautaka mwingi kadiri tunavyoweza, tena tunautaka pale ambapo magurudumu yamekatwa hadi mwisho. Huo ndio ugumu wenyewe.

Hoja ya pili: kabla ya nyuzi, ukaguzi.

Hapa sitakawia, ingawa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Bushi ikiwa imekufa, boljointi ikiwa inacheza, beringi ya gurudumu ikiwa inalia, pembe uliyoipanga gari limesimama si pembe ya gari linalokwenda. Shika gurudumu juu na chini ulitikise, kisha kushoto na kulia. Linacheza? Funga daftari, ukabadilishe kipuri kwanza. Kwa MX-5 kuna tatizo lake maalumu: zile boliti nane ni ndefu, zinapita ndani ya bomba la chuma la bushi, na katika gari lililoishi kwenye mvua au chumvi utakuta boliti na bomba vimeshikana kwa kutu vikawa kitu kimoja. Msilazimishe kwa bomba refu kwenye spana, mtakata kichwa cha boliti. Mafuta ya kupenya kutu siku mbili kabla, halafu moto, halafu subira. Ikishindikana, inakatwa kwa msumeno na kununuliwa mpya pamoja na bushi yake.

Hoja ya tatu: kemba na kasta za mbele ni ndugu wanaodaiana.

Naomba mnivumilie hapa, maana hii ndiyo hoja iliyonileta.

Kemba ni mlalo wa gurudumu ukilitazama kwa mbele. Sehemu ya juu ikiegemea ndani, tunaiita kemba hasi. Gari linasimama kama mtu aliyepanua miguu akijiandaa kuvuta kamba. Kasta ni mlalo wa ule mhimili ambao gurudumu linageukia juu yake, ukiutazama kwa ubavuni. Uma wa mbele wa baiskeli umelala kuja nyuma kwa mpanda baiskeli: hiyo ni kasta, na kwa msaada wake mtoto anaweza kuachia mikono na baiskeli ikaendelea kujinyoosha yenyewe.

Katika drifti kasta ina kazi ambayo dereva wa barabarani haijui. Mkia unapoanza kuondoka, dereva anaachia usukani kwa muda mfupi sana, nao unajizungusha wenyewe kuelekea kule gari linakokwenda. Ni vigumu kwa mikono ya binadamu kuzungusha usukani kwa kasi hiyo. Kasta ikiwa ndogo mno, usukani unakuwa mvivu, unachelewa, na gari linakuzungukia kama pia. Kwa hiyo watu husema: ongeza kasta, ongeza tena.

Lakini njooni tulitazame gari. Kijana, ingia ukate usukani wote kulia. Ninyi mlio mbele, inameni mtazame gurudumu la kulia. Mmeliona? Sehemu yake ya juu imeegemea nje. Lile la kushoto limefanya kinyume. Hiyo ni kazi ya kasta. Sasa fikirini gari liko katika kona ya kushoto, mkia umetoka kulia, dereva amekata usukani kinyume, yaani kulia. Uzito mwingi umehamia upande wa nje, upande wa kulia. Gurudumu linalobeba mzigo ndilo hilihili lililolala vibaya! Tairi linasimamia ukingo wake wa nje, mshiko unapotea, na pua ya gari inakimbilia ukuta wakati dereva ameshageuza usukani hadi mwisho na hana kingine cha kufanya.

Hesabu yake si ngumu. Kwa gari lenye kasta ya nyuzi 5, gurudumu likikatwa nyuzi 30, kasta peke yake inalilaza gurudumu hilo nje kwa karibu nyuzi 2 na nusu. Mhimili wa kugeukia umelala pia kuelekea ndani ya gari, nao unaongeza hasara. Mwili wa gari unapoinama kwenye kona, hasara inaongezeka tena, ingawa mikono miwili ya MX-5 inafidia kidogo. Ndiyo sababu ya kuipa mbele kemba hasi nyingi gari linaposimama: tunalipa deni kabla halijadaiwa. Magari ya drifti hupangwa nyuzi 3, 4, hata 5 hasi mbele. Mtu anayepita anadhani ni urembo, au ekseli imepinda. Kumbe siku gurudumu lile litakapokatwa hadi mwisho, ndipo litakaposimama wima na kukanyaga lami kwa upana wake wote.

Kwa hiyo ukiongeza kasta, ujue umeongeza deni la kemba. Kwenye MX-5 ndugu hawa wanagombania hata boliti zilezile: ukisukuma boliti zote mbili za mkono wa chini nje, unapata kemba hasi, ukisogeza moja nje na nyingine ndani, ncha ya mkono inakwenda mbele au nyuma, na kasta inabadilika. Nafasi iliyotumika kwa moja haipo tena kwa nyingine. Kwa vipuri vya kiwandani, na gari likiwa limeshushwa kidogo, nyuzi 2 hasi ndizo utakazozifikia bila kuvunja kasta. Anayetaka 3 au zaidi atanunua boljointi ndefu za chini au bushi za juu zenye tundu la pembeni. Maoni yangu, na najua baadhi yenu mtanipinga: kwa gari lenye nguvu kidogo kama hili, chagueni kemba, na kasta iacheni kati ya nyuzi 4 na 5. Gari jepesi halihitaji kasta kubwa ili usukani urudi.

Hoja ya nne: too, jambo dogo lenye mdomo mkubwa.

Too ni uelekeo wa magurudumu ukiyatazama kutoka juu, kama vidole vya miguu: yanatazamana au yanakimbiana. Mbele ninapendelea yakimbiane kidogo, jumla ya milimita 2, ili gari liitike haraka linaporushwa kutoka kona moja kwenda nyingine. Zaidi ya hapo linahangaika barabarani kama mbwa anayenusa huku na huku.

Kuna jambo moja limejificha ndani ya too. Kiwandani, mikono ya usukani imepangwa ili gurudumu la ndani ya kona likate zaidi ya la nje, na kwa kuegesha gari hilo ni jema. Ila katika drifti tumekata kinyume, na lile linalokata zaidi ndilo linalobeba mzigo. Magurudumu mawili yanabishana, matairi yanajikwaruza, gari linapoteza mwendo, na gari la lita 1.6 halina mwendo wa kupoteza. Wenye fedha hubadilisha nakoli ili magurudumu yakate sambamba. Wengine tunaweka washa kati ya reki na tairodi ili kuongeza pembe ya kukata, kisha tunahakikisha kwa macho kwamba tairi haligusi mkono wala mpira wa breki. Washa ni wa bei ndogo. Mpira wa breki uliokatika hauna bei.

Hoja ya tano: nyuma iachwe itulie.

Nikupeni habari yangu mwenyewe. Mara ya kwanza nilipopanga MX-5 nilichukua namba za gari refu lenye tabo, gari lililoshinda, nikaziweka kama zilivyo: nyuma nyuzi 2 hasi na too ya kukimbiana. Nilijiona nimemaliza kazi. Kwenye uwanja uliofungwa, kona ya pili, mkia ulitoka kabla sijauita, na kabla sijakata usukani nilikuwa natazama nilikotoka. Ikawa hivyo mara tano. Nikasema dereva ndiye mbovu. Haikuwa hivyo. Gari refu lilikuwa na nguvu ya kuamsha matairi yake na urefu wa kumpa dereva muda. Langu halikuwa na nguvu wala urefu, na mimi nilikuwa nimeliondolea hata utulivu.

Tangu siku hiyo, nyuma naipanga hivi: kemba nyuzi 1 hasi au pungufu, ili gari linapokaa kwa nyuma tairi lilale sawasawa kwenye lami, na too ya kutazamana, jumla ya milimita 2, kila upande sawa na mwenzake. Kwa gari la ekseli zilizokaribiana, hizo milimita mbili ndizo zinazompa dereva nusu ya pumzi ya kufikiri. Ukiona gari halitaki kuachia kwa sababu nguvu ni ndogo, usiliibie utulivu kwa kuharibu pembe. Badilisha tairi la nyuma, weka jembamba au lenye mpira mgumu zaidi, cheza na upepo wake, kisha upime tena. Na kama difu ni ya wazi, ile inayoliacha gurudumu lililopungukiwa mzigo lizunguke bure, basi hakuna alaimenti itakayokusaidia: la ndani litatoa moshi na gari litakwenda moja kwa moja.

Hoja ya sita: pima kwa timazi.

Watu wananiambia, "Mwalimu, mashine ya kompyuta iko mjini, sisi huku hatuna." Nami nawajibu kwa zana hizi tatu mezani: timazi, uzi na rula ya chuma. Kiswahili kimetangulia kutuambia, maana pembe tunazihesabu kwa nyuzi, na kwa uzi tutazipima.

Tafuteni kwanza sakafu sawa. Usawa wa uashi hupimwa kwa mpira wa maji, na nasi tutautumia uleule kulinganisha pale matairi manne yanaposimama. Palipo chini, weka kipande cha bati au kigae. Chini ya magurudumu ya mbele weka vigae viwili viwili vyenye grisi kati yake, ili gurudumu ligeuke pasipo tairi kung'ang'ania. Kisha mweke dereva kitini. Hayupo? Mfuko wa saruji wa kilo 50 na ndoo ya maji ya lita 20, jumla kilo 70, vinakaa mahali pake bila kulalamika. Msiache hatua hii. Gari la kilo mia tisa na kitu linainama kwa uzito wa mtu mmoja, na pembe za upande wake zinabadilika.

Kwa kemba, ning'iniza timazi mbele ya uso wa nje wa gurudumu na upime umbali kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa juu wa rimu, halafu hadi ukingo wa chini. Kwenye rimu ya inchi 14, tofauti ya milimita 6 hivi ni sawa na nyuzi 1. Nyuzi 4 ni karibu milimita 25. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuisoma hiyo. Kwa kasta, kata gurudumu nyuzi 20 upande mmoja, pima kemba, kata nyuzi 20 upande wa pili, pima tena. Tofauti ya vipimo hivyo viwili izidishe kwa 1.5. Kwa too, vuta nyuzi mbili ubavuni mwa gari, kushoto na kulia, zikiwa sambamba. Angalizo: upana wa nyuma wa MX-5 unazidi wa mbele kidogo, kwa hiyo usiuweke uzi sawa na vitovu vyote vinne, hakikisha vitovu viwili vya mbele viko umbali mmoja na nyuzi zao, na viwili vya nyuma vivyo hivyo.

Anzeni nyuma, kwa sababu nyuma ndiyo inayoamua gari linaelekea wapi. Kisha kasta ya mbele, kisha kemba, na too iwe ya mwisho, kwani kila ulichokigusa kabla yake kimeivuruga. Badilisha jambo moja kwa safari moja ya uwanjani, andika, kisha utazame tairi: likiliwa ukingo wa nje, deni halijalipwa, likiliwa ndani tu, umelipa kupita kiasi.

Na mwenye kulitumia gari hilohilo kwenda kazini apunguze kemba ya mbele, ibaki nyuzi 2 hasi hivi, au kingo za ndani zitakwisha kabla ya mwaka. Kuhusu barabara za mitaani usiku, nalisema kwa uchungu kwa sababu nimewahi kuitwa kuvuta gari lililoishia ukutani: gari lililopangwa hivi ni la uwanja uliofungwa, lenye kofia ngumu kichwani mwa dereva na watazamaji nyuma ya kizuizi.

Mheshimiwa Mwenyekiti, muda wangu unakaribia kwisha. Toyota za aina ya Altezza na Mark II tunazozitengeneza kila siku katika miji yetu zinasukumwa na magurudumu ya nyuma, na pembe zake zinatii sheria hizihizi. Vijana wetu wako tayari. Kinachokosekana ni uwanja wa kufundishia, eneo moja la lami lililozungushiwa uzio, na ninawaomba wakuu wa vyuo mliopo hapa mlizungumze kwenye vikao vyenu vya mwaka huu. Wakati tukisubiri, Jumamosi saa mbili asubuhi gari hili litakuwa palepale uani, boliti zote nane zikiwa zimelegezwa. Kila kundi litapanga upya upande mmoja, na kundi jingine litaupima bila kuambiwa namba. Saruji ipo, maji yapo. Kila mmoja aje na timazi yake na daftari.